Kilichomo ndani ya kopo la rangi: viungo vidogo, kazi kubwa, na tahadhari kwa kamati zetu



Kila kiangazi kinapokaribia, kamati nyingi za parokia hutuletea maombi yanayofanana: kupaka rangi darasa la chekechea, kuzuia kutu kwenye paa la zahanati, kukarabati madawati, kupaka geti na milango ya nyumba za watumishi. Katika makisio mengi tunayopokea, neno "rangi" huandikwa kwenye mstari mmoja tu, likifuatiwa na idadi ya ndoo na bei. Aina ya rangi haitajwi, wala mahali itakaponunuliwa, wala kitu kilichomo ndani yake.

Hatuzilaumu kamati. Rangi ni kitu cha kawaida, na fundi huaminiwa. Hata hivyo ndani ya kila kopo kuna viungo ambavyo havionekani kwa macho. Vingine ndivyo vinavyofanya rangi idumu miaka mingi badala ya kubanduka baada ya masika moja, na vingine vinaweza kumdhuru mtoto maisha yake yote. Katika toleo hili tumeona vema kueleza viungo hivyo ni nini, vinafanya kazi gani, na kamati ifanye nini kabla ya kutoa fedha.

Mkumbara, chuma na kutu

Tumechagua kuanzia Mkumbara kwa sababu mahali hapa panajua habari za chuma na kutu tangu zamani. Mkumbara iko chini ya milima ya Usambara Magharibi, kwenye barabara kuu itokayo Korogwe na Mombo kuelekea Same na Moshi. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea kupita Mkumbara hadi Moshi mwaka 1911. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walijenga pia njia ya nyaya za chuma iliyopita angani, kutoka misitu ya Shume juu mlimani hadi stesheni ya Mkumbara, kwa ajili ya kuteremsha mbao za mierezi. Mitambo yake ilitoka kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Baadaye mashamba ya mkonge yalienea bondeni, na kila shamba kubwa likawa na korona yake, yaani mashine ya kusaga majani ya mkonge, ambayo hulowa maji na utomvu mkali kutwa nzima.

Reli, madaraja, nguzo na mashine, vyote ni chuma, na chuma kisichofunikwa huliwa na kutu. Katika miaka ile, rangi ya kwanza iliyopakwa juu ya chuma karibu dunia nzima ilikuwa rangi nyekundu yenye madini ya risasi. Ilizuia kutu vizuri sana. Ubaya wake tutauona hapa chini.

Eneo letu pia lina hali za hewa zinazopingana. Mkumbara na bonde la Mkomazi hupata jua kali, upepo na vumbi. Upande wa Handeni ni hivyo hivyo, pamoja na vumbi jekundu linaloganda ukutani. Ukipanda Shume au Lushoto unakuta ukungu na baridi, na kuta huota kuvu. Ukielekea Tanga, hewa ya chumvi ya baharini inakula mabati. Ndiyo maana rangi iliyofaa parokia moja inaweza kushindwa katika parokia nyingine, na mara nyingi tofauti iko katika viungo vidogo vilivyomo.

Rangi imetengenezwa na nini?

Karibu kila rangi ina sehemu nne.

Ya kwanza ni unga wa rangi, ambao ndio unaotoa weupe, wekundu, ubuluu au umanjano. Ya pili ni gundi, ambayo hushikamanisha unga huo na ukuta au chuma. Ya tatu ni kimiminika kinachofanya rangi ipakike. Katika "rangi ya maji" ni maji, na katika "rangi ya mafuta" ni kiyeyushi kama tapentaini. Kimiminika hiki hukauka na kuondoka. Ya nne ni viungo vya nyongeza.

Viungo hivi kwa kawaida ni sehemu ndogo sana, pengine asilimia 1 hadi 5 ya rangi yote. Kazi yake tunaweza kuilinganisha na chumvi au hamira jikoni. Mandazi yasiyo na hamira yana unga, sukari na mafuta yote yanayotakiwa, lakini hayaumuki. Vivyo hivyo, rangi isiyo na viungo sahihi inaweza kuwa na unga na gundi ya kutosha na bado ikashindwa kazi yake.

Viungo vikuu na kazi zake

Vikaushi. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza tapentaini peke yake. Gundi yake hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, kama ya soya au kitani, na mafuta hayo huganda kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani. Bila msaada, kazi hiyo ingechukua siku nyingi. Kwa hiyo kiwanda huongeza chumvi za metali zinazoharakisha kuganda. Kobalti hukausha juu, na metali nyingine husaidia kukausha ndani. Zamani kazi ya kukausha ndani ilifanywa na risasi. Siku hizi zipo metali nyingine kama zirkonia na kalsiamu zinazoweza kushika nafasi hiyo. Mafundi wanaoongeza kikaushi kwa kukisia wanaharibu rangi: juu hukauka haraka, ndani hubaki laini, na uso hujikunja kama ngozi ya maziwa.

Vizuia utando. Kwa kuwa rangi ya mafuta huganda kwa hewa, ingeganda pia ndani ya kopo. Kiungo hiki huzuia utando usijifanye juu yake, na kopo likifunguliwa na rangi kupakwa huruka hewani ili kukausha kuendelee. Kopo lililoachwa wazi usiku kucha limekwisha kupoteza kinga hiyo. Lifunikeni vizuri.

Vitawanyishi. Unga wa rangi hupenda kushikana mabonge kama unga wa ugali uliotiwa vibaya. Kitawanyishi huzunguka kila punje na kuitenga na mwenzake. Hapo rangi hufunika vizuri, hung'aa, na unga kidogo hutosha eneo kubwa.

Vizito na vizuia kutuama. Rangi nzuri ni nzito ikitulia na nyepesi ikikorogwa. Ikiwa chini ya brashi huteleza. Ikishafika ukutani hurudia uzito wake na haichuruziki. Tabia hii hutokana na udongo maalumu wa mfinyanzi uliosafishwa, au nta inayotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, zao ambalo wengi wetu tunalijua. Katika rangi ya maji hutumika unga unaotokana na nyuzi za pamba au mti. Hata hivyo unga huzama pole pole, hivyo rangi ikorogwe hadi chini kabla ya kutumiwa. Fundi asiyekoroga hupaka ukuta wa kwanza kwa kimiminika na ukuta wa mwisho kwa tope.

Vizuia mapovu. Kukoroga na kupaka kwa rola huingiza hewa, na rangi ya maji hutoa povu kama sabuni. Povu likipasuka wakati rangi inakauka huacha tundu dogo kama la sindano. Kwenye ukuta ni doa tu, lakini kwenye bati au chuma ni mlango wa maji na kutu. Tone la mafuta au silikoni hupasua mapovu hayo mapema.

Viunganishi. Rangi ya maji ina vipunje vya plastiki vinavyoelea majini. Maji yakishakauka, vipunje hivyo vinapaswa kuyeyukiana viwe utando mmoja. Kiunganishi huvilainisha kwa muda ili vishikane. Baridi ikizidi havishikani, na rangi hupasuka au kufutika kwa kitambaa. Parokia za milimani zisipake rangi ya maji alfajiri yenye ukungu. Subirini jua.

Dawa za kuvu na bakteria. Zipo za aina mbili. Moja hulinda rangi ndani ya ndoo isioze, kwa maana rangi ya maji ina chakula cha bakteria. Nyingine hubaki ukutani na kuzuia kuvu weusi. Rangi inayopakwa Shume inaihitaji hiyo ya pili kuliko inayopakwa Mkumbara. Jambo la kukumbuka: ukiongeza maji ya kisima kwenye ndoo nzima, unaidhoofisha dawa na kuingiza bakteria wapya. Baada ya wiki chache ndoo hunuka. Punguzeni kwa maji kile tu kitakachotumika siku hiyo.

Vikinga jua. Mionzi ya jua hukata gundi ya rangi kidogo kidogo. Ukipitisha kiganja juu ya ukuta wa zamani kikatoka na vumbi la rangi, ujue gundi imekufa na unga umebaki peke yake. Vikinga jua hunyonya mionzi hiyo au kuzuia madhara yake. Unga unaotokana na kutu yenyewe, yaani wekundu na kahawia wa oksaidi ya chuma, hustahimili jua vizuri sana, nayo ni sababu nzuri ya kuchagua rangi hiyo kwa paa.

Vizuia kutu. Hivi huwekwa katika rangi ya kwanza inayogusa chuma. Zamani vilikuwa risasi nyekundu, kisha vikaja vya kromati ya zinki, ambayo ina kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Siku hizi ipo fosfati ya zinki, ambayo ni salama zaidi. Kwa madaraja, matangi na vyuma vya viwandani hutumika pia unga wa zinki yenyewe, ambayo hukubali kuliwa kabla ya chuma.

Tunaongeza neno juu ya rangi za viwandani zinazouzwa makopo mawili, moja la rangi na moja la kigandishi. Hizi ni imara sana, lakini vigandishi vingine, hasa vya rangi za kupulizia magari, huumiza mapafu na kuleta pumu. Kijana wa parokia asipewe kazi ya kupulizia rangi hizo akiwa amejifunga kitambaa tu puani. Kitambaa hakizuii mvuke.

Risasi: mgeni asiyetakiwa

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Risasi imeingia katika rangi kwa milango mitatu: kama unga wa rangi, hasa manjano, machungwa, nyekundu na kijani; kama kikaushi, hata katika rangi nyeupe; na kama kizuia kutu. Ni metali ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Wenye viwanda waliipenda kwa sababu ni rahisi, hung'aa, hustahimili na hukausha.

Mwilini haina kazi yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoila mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na mtoto asiyepata chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu hufyonza zaidi. Risasi huharibu ubongo unaokua. Akili hupungua, usikivu darasani hupotea, na tabia hubadilika. Huingia mifupani na kukaa miaka mingi, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Madhara ya ubongo hayarudi nyuma. Mzazi huona mtoto "mzito wa kuelewa" asijue sababu.

Mtoto haihitaji kulamba kopo. Rangi ikizeeka hutoa vumbi na magamba. Mtoto hushika ukuta au bembea, kisha hutia vidole mdomoni. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Queensland, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliowatibu walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi ya vibaraza na kuta za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Marekani iliweka kikomo cha sehemu 600 kwa milioni mwaka 1978, kikashushwa hadi 90 mwaka 2009. Karne moja imepita tangu onyo la kwanza, na bado zipo nchi nyingi ambako rangi yenye risasi inauzwa dukani.

Kikomo hicho cha sehemu 90 kwa milioni ndicho kinachopendekezwa pia katika sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa. Maana yake ni hii. Chukua kopo la lita 4 lenye uzito wa kilo 5 hivi. Kwa kikomo hicho, risasi yote iliyomo haizidi gramu 0.45. Sasa chukua kopo la rangi ya manjano lililotengenezwa kwa kromati ya risasi, na tuseme unga huo ni asilimia 10 ya rangi. Kwa kuwa kromati hiyo ni karibu asilimia 64 risasi, kopo moja litakuwa na gramu 320. Ni zaidi ya mara 700 ya kikomo. Kwa macho makopo hayo mawili hayatofautiani, na la pili pengine linang'aa zaidi.

Zebaki ilitufundisha nini

Risasi si kiungo pekee kilicholeta madhara. Zamani dawa ya kuzuia kuvu katika rangi ya maji iliweza kuwa na zebaki. Mwaka 1989 huko Michigan, Marekani, mtoto wa kiume wa miaka 4 aliugua vibaya baada ya nyumba yao kupakwa ndani galoni 17 za rangi ya namna hiyo huku madirisha yakiwa yamefungwa. Mvuke wa zebaki ulitoka ukutani ukamwingia. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku zebaki katika rangi za maji za ndani ya nyumba. Kiungo hicho kilikuwa kidogo sana, chini ya sehemu 1,000 kwa milioni. Nyumba iliyotoka tu kupakwa rangi iachwe wazi, na watoto wasilale humo hadi harufu iishe.

Hali katika nchi yetu

Hapa Tanzania, shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, limenunua rangi za mafuta madukani na kuzipima maabara mara kadhaa tangu miaka ya 2000. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba baadhi ya rangi zilikuwa na risasi nyingi kupita kiasi, hasa zenye rangi kali kama manjano, na kwamba nyingine zilikuwa salama kabisa. Jambo hilo la pili ni habari njema. Linathibitisha kuwa rangi bila risasi inawezekana kutengenezwa na kuuzwa katika soko letu.

Mwaka 2009 serikali na wadau wa dunia walianzisha ushirikiano wa kuondoa rangi za risasi, chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na Shirika la Afya Duniani. Tangu mwaka 2013, kila Oktoba huadhimishwa wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu ya risasi. Nchini mwetu viwango vya rangi ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kemikali zenyewe husimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003.

Lakini sheria haifiki yenyewe kwenye duka la kijijini. Inafika pale mnunuzi anapouliza. Aidha, katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, kikomo cha risasi kinahusu rangi za nyumbani na vifaa vya watoto, si rangi zote za viwandani. Kwa hiyo rangi iliyokusudiwa trekta, mashine au alama za barabarani isipakwe kwenye bembea au dawati hata ikitolewa bure.

Mambo ambayo kamati ifanye

1. Andikeni aina ya rangi katika makisio. Semeni kama ni ya maji au ya mafuta, ya ndani au ya nje, ya ukuta, bati au chuma, na ongezeni maneno "isiyo na risasi".

2. Nunueni kopo lililofungwa, lenye jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe na alama ya TBS. Msinunue rangi iliyopimwa kwenye chupa au kopo lisilo na maandishi. Kwa ununuzi mkubwa, mwombeni msambazaji cheti cha kipimo cha risasi.

3. Mahali watoto wanapofika, tumieni rangi ya maji kadiri iwezekanavyo. Pale panapohitaji rangi ya mafuta, kama sehemu ya chini ya ukuta wa darasa, milango na madawati, ndipo mwe waangalifu zaidi.

4. Pimeni kabla ya kununua. Darasa la mita 9 kwa 7 lenye kuta za mita 3 lina mita za mraba 96 za ukuta. Ukitoa milango na madirisha hubaki kama 80. Mikono miwili ni mita 160, na kwa lita moja kwa mita 10 mnahitaji lita 16. Mkiletewa makisio ya ndoo nne za lita 20 kwa darasa moja, ulizeni.

5. Msipunguze rangi kwa petroli wala mafuta ya taa. Petroli huruka upesi na huweza kuwaka moto. Mafuta ya taa huchelewa na kuacha ulaini. Vyote viwili huvuruga viungo tulivyovieleza. Tumieni kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kiasi kilichoandikwa.

6. Rangi ya zamani msiikwangue ikiwa kavu, wala msiichome moto. Lowesheni ukuta kwanza, tumieni msasa wa maji, tandikeni turubai chini, na kusanyeni magamba yote. Watoto na wajawazito wakae mbali. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kubeba mtoto wake. Magamba yasitupwe bustanini, kwenye shimo la mbolea wala karibu na kisima. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, ni salama zaidi kuifunika kwa rangi mpya kuliko kuikwangua.

7. Ndoo za rangi zisitumike kwa maji ya kunywa, togwa wala unga. Katika ziara zetu tumeziona shuleni na kwenye sherehe, zimeoshwa na kung'aa. Kuosha hakutoi kilichokwisha kuingia kwenye plastiki au kubaki pembeni. Zitumieni kwa mchanga na saruji.

8. Ubao wa darasa usipakwe makaa ya betri za tochi. Tunajua ni njia ya zamani na haina gharama, lakini wanaosaga makaa hayo ni wanafunzi wenyewe, kwa mikono mitupu. Wekeni kopo moja la rangi ya ubao kwenye makisio.

9. Ndani ya tangi la maji ya kunywa msipake rangi ya kawaida. Kwa paa linalovuna maji ya mvua, hakikisheni rangi imeandikwa kuwa inafaa kazi hiyo, na mvua za kwanza zimwagwe.

10. Watoto wapate chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu: dagaa, maharage, mchicha, maziwa. Hakiondoi risasi iliyokwisha kuingia, lakini hupunguza inayofyonzwa.

Neno kwa wafadhili

Wafadhili wetu wapendwa wakati mwingine wametuuliza kwa nini makisio ya parokia mbili kwa darasa la ukubwa ule ule yanatofautiana. Sababu mojawapo ni hii ya ubora wa rangi. Rangi yenye vikinga jua, dawa ya kuvu na kizuia kutu cha kisasa hugharimu zaidi dukani, na ile iliyopimwa na kuthibitishwa huweza kugharimu zaidi kidogo. Lakini rangi ya bei ya chini inayobanduka baada ya mwaka mmoja hulipiwa mara mbili, na fundi pia hulipwa mara mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa afya, hakuna makisio yanayoweza kurudisha akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi. Tunawaomba mkubali mstari wa rangi uandikwe kwa ukamilifu, na mtuulize pale mnapoona umeandikwa neno moja tu.

Tunawaomba pia wanaotuma vifaa kwa moyo mwema, yaani makopo yaliyobaki viwandani au kwenye karakana, waulize kwanza kilichomo. Msaada wa makopo kumi ya rangi ya mashine unaweza kuiwekea shule tatizo ambalo haina uwezo wa kuliondoa.

Tunachoomba kutoka kwenu

Kabla ya toleo lijalo, tunaziomba kamati zote za Korogwe na Handeni zifanye mambo matatu. Kwanza, zungukieni majengo yenu na kuandika mahali ambapo rangi inabanduka na watoto wanafika, hasa vibaraza, madirisha, milango, bembea na madawati. Pili, angalieni ghala lenu: makopo yasiyo na maandishi yawekwe kando, yafungwe, yasitumike kwa watoto. Tatu, someni makala hii pamoja na fundi wenu, si bila yeye. Mafundi wetu ndio wanaopumua vumbi hilo siku nzima, na wao ni wa kwanza kuhitaji kulindwa.

Kamati zitakazoleta orodha hiyo tutazisaidia kupanga kazi kwa hatua, tukianza na chekechea na zahanati. Mahali ambapo fedha hazitoshi kupaka jengo zima, ni afadhali kupaka vizuri ukuta mmoja ambao watoto huugusa kuliko kupaka kuta nne kwa rangi msiyoijua.